Kujua mahali ni amana: Kamba ya Al-Muttalib na ardhi ya Bukoba na Muleba

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyeitandaza ardhi akaifanya makazi ya walio hai na stara ya waliokufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika mwaka wa 17 wa Hijra, zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), mafuriko makubwa yaliingia katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Wanahistoria huyaita mafuriko ya Umm Nahshal. Maji yaliling'oa jiwe la Maqamu Ibrahim kutoka mahali pake na kulisukuma hadi pande za chini za mji. Jiwe lenyewe lilipatikana, lakini alama ya pale liliposimama ilikuwa imefutika.

Al-Azraqi, katika kitabu chake cha habari za Makka, amepokea kwamba Sayyidna Umar alipopata habari hizo alitoka Madina kwa hima. Alipofika aliwauliza watu ni nani mwenye ujuzi wa mahali hapo. Akasimama Al-Muttalib bin Abi Wadaa, akaeleza kuwa yeye alikuwa akiihofia siku kama ile. Kwa ajili hiyo aliwahi kupima kwa kamba umbali kutoka Maqamu hadi kwenye nguzo ya Al-Kaaba, hadi kwenye mlango wa Hijri na hadi kwenye kisima cha Zamzam, na kamba hiyo ameihifadhi nyumbani kwake. Sayyidna Umar akamwambia akae naye, akamtuma mtu kuileta. Ikaletwa, ikanyooshwa, ikaonesha mahali. Hata hivyo Khalifa hakuridhika na kamba peke yake. Aliwauliza watu waliokuwapo, akashauriana nao, nao wakakiri kuwa ndipo. Hapo ndipo alipoamuru jiwe lirudishwe na msingi wake uimarishwe.

Tunaombeni wasomaji wetu, hasa mlioko Bukoba na Muleba katika Mkoa wa Kagera, muitafakari habari hii pamoja nasi. Ndani yake mna mambo mawili. La kwanza, mtu mmoja alipima kabla ya maji kuja. La pili, kipimo na ushahidi wa watu vilikutanishwa, wala kimoja hakikuachwa kitawale peke yake.

MAFURIKO YA ZAMA ZETU

Mji wa Bukoba ulianzishwa kuwa kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1890, wakati Emin Pasha alipofika hapo. Leo nyumba zimeupanda mwinuko, zimejaa Kashai, Hamugembe, Rwamishenye na kwingineko, na vibanja vya jana vimekuwa viwanja vyenye namba. Huko Muleba nako, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba na Rubya, barabara, shule na maduka yanazidi kuinuka palipokuwa na migomba na rweya. Hatulalamiki juu ya maendeleo hayo, kwani watu huongezeka na wanahitaji mahali pa kulala. Lakini kila msingi unaochimbwa ni kama maji ya Umm Nahshal: huweza kuifuta alama ambayo hakuna aliyeipima.

Tena mkoa huu umepitia misiba iliyochukua si mali tu, bali na wenye kujua. Vita vya mwaka 1978 na 1979 vilihamisha watu makwao. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, na katika miaka iliyofuata kaya nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu, kizazi cha kati kikiwa kimeondoka. Kizazi hicho ndicho ambacho kingepokea habari za mahali kutoka kwa wazee na kuzikabidhi kwa vijana. Kisha tarehe 10 Septemba 2016 likaja tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9, likaua watu na kuangusha majumba, yakiwamo ya zamani ambayo watu waliyatumia kama alama za kuelekezana. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

CHUMA KILICHOTEREMSHWA

Pengine mtu atauliza: ni kitu gani hicho kilicho chini ya migomba yetu hata tukisumbukie? Tumjibu kwa Qur'ani. Katika Suratul Hadid, aya ya 25, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa ameteremsha chuma, ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Katika Surat Saba ametaja kumlainishia chuma Nabii Daud (A.S.). Na katika Suratul Kahf, ambayo tunaisoma kila Ijumaa, Dhul-Qarnayn anawaamrisha watu wamletee vipande vya chuma, kisha wavuvie mpaka kiwe kama moto. Watoto wetu huisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, lakini ni wangapi wanaojua kuwa katika ardhi hii hii ya Buhaya watu walivuvia mvukuto na kuyeyusha chuma kama miaka 2,000 iliyopita?

Katika kijiji cha Katuruka, eneo la Maruku, Bukoba Vijijini, ulikuwapo mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kuwa Mfalme Rugomora Mahe alikuwa na makao yake hapo, na kwamba aliwaamuru mafundi wajenge mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, mnara huo ukaanguka. Msomaji wa Qur'ani atakumbuka hapa amri ya Firauni kwa Hamana ya kujengewa mnara. Mwaka 1969 na 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao, akawaomba wamwoneshe mahali, na ndipo yeye na wenzake walipochimba. Walichokikuta ni mabaki ya kazi ya chuma ya kale mno kuliko zama za Rugomora Mahe mwenyewe. Katika miaka hiyo ya 1970 mabaki mengine ya matanuri yalichimbuliwa karibu na Ghuba ya Kemondo. Na mwaka 1976 wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi ya ujana wao walijenga tanuri, wakatumia makaa ya miti na majani ya bwawani yaliyochomwa, wakapuliza kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo, na chuma kikapatikana mbele ya macho ya watafiti.

Zingatieni, ndugu zangu, kuwa si chombo cha kizungu kilichoigundua Katuruka. Ni maneno ya wazee yaliyoelekeza jembe la mtaalamu. Lau kama wazee hao wangekuwa wamekwisha kufariki na hawakumwachia mtu habari, mtaalamu angepita juu ya mahali hapo pasi na kujua. Mti wa Kaiija wenyewe haupo tena. Lakini tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 wanakijiji wa Katuruka waliunda kamati yao, wakakusanya upya masimulizi ya wazee na kulifanya eneo lao kuwa mahali pa urithi panapotembelewa na wageni. Walifanya hivyo wakati wenye kujua walikuwa wamebaki wachache.

KWA NINI KILICHOANDIKWA KIPOTEE?

Wengi hudhani kuwa mahali pakishaandikwa katika kitabu pamesalimika. Sivyo. Maandishi nayo hupoteza njia yake ardhini, na sababu zake ni hizi.

Kwanza ni majina ya utawala. Mwaka 1936 jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza lilichapisha taarifa ya michoro ya kale ya miambani katika Wilaya ya Bukoba. Anayeisoma taarifa hiyo leo na kwenda kuitafuta ndani ya mipaka ya Bukoba ya sasa huenda akarudi mikono mitupu. Wilaya ya wakati ule ilikuwa pana, ikagawanywa baadaye, na Bwanjai yenye michoro hiyo leo imo katika Wilaya ya Missenyi. Jina limebaki vilevile, ila mipaka yake imebadilika.

Pili ni alama zinazokufa. Maelezo ya zamani husema: hatua kadhaa kutoka mti fulani, karibu na nyumba ya mzee fulani, upande wa pili wa njia. Mti hukatwa, mzee hufariki, njia huhamishwa.

Tatu ni ziwa lenyewe. Mtu anaweza kudhani kuwa ufuko wa Ziwa Victoria ni alama isiyohama. Lakini kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 yalipanda tena hadi kuvunja rekodi. Anayepima kutoka ukingo wa maji wa ramani ya kabla ya 1961 anapima kutoka mahali ambapo leo ni maji.

Nne ni jambo la kitaalamu linalowapotosha hata wasomi. Ramani za zamani za nchi yetu za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Vifaa vya GPS na simu zetu hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Ukizichukua namba za mahali kutoka ramani ya zamani ukaziingiza katika simu bila kuzigeuza, utakosea kwa takriban mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Katika rweya tupu kosa hilo pengine lisingedhuru sana. Katika mji, mita 300 ni kutoka msikitini hadi sokoni, na utakwenda kuchimba katika kibanja cha mtu asiyehusika. Namba ni sahihi na kifaa ni kizima, lakini havikusema lugha moja.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Al-Biruni, aliyefanya kazi huko Ghazna, aliandika mwaka 1025 kitabu kizima juu ya kuainisha nafasi za miji na kusahihisha masafa baina yake, na miongoni mwa makusudio yake ni watu waujue mwelekeo wa kibla kwa hakika. Kijana wa madrasa anayejifunza leo kuweka ramani ya zamani juu ya picha ya satelaiti, akazilinganisha njia panda, vilima na majengo yasiyohama hadi zikalingana, anaifuata njia ya wanazuoni wake.

MAHALI NAPO PANA ISNADI

Sisi tuliosoma hadithi tumezoea kuuliza: nani kakwambia, naye kapokea kwa nani, na je, yupo mwingine aliyepokea kwa njia nyingine? Tunaona kuwa utafutaji wa mahali palipopotea unahitaji adabu hiyo hiyo. Mashahidi ni wanne: maandishi ya kale, ramani, kauli ya wazee na ardhi yenyewe.

Maandishi husomwa kwa kuzingatia mwaka yalipoandikwa. Ramani hugeuziwa msingi wake kwanza. Wazee huulizwa kila mmoja peke yake kabla ya kukutanishwa, na ni vizuri watembee hadi mahali penyewe, kwani miguu hukumbuka ambayo ulimi umesahau. Kina mama wasiachwe, maana wao ndio waliolima, waliochota maji na kuokota kuni katika kila kipande cha ardhi hiyo. Kisha ardhi nayo huulizwa: je, kuna mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye vitundu? Kuna vipande vya mirija ya udongo iliyoungua, au vigae vyenye nakshi? Mashahidi wanne wakiafikiana, tuna yakini. Wakiwa wawili, tuna dhana yenye nguvu, nayo iandikwe kuwa ni dhana. Akiwa mmoja tu, habari ni dhaifu na isijengewe hukumu.

Imam Bukhari ametupokelea katika Kitabu cha Swala jinsi Abdullah bin Umar (R.A.) alivyokuwa akipajua kila mahali Mtume (S.A.W.) alipoteremka na kuswali katika njia ya baina ya Madina na Makka. Aliyaeleza kwa mabonde, miti na vilima vyake. Na humo humo imetajwa kuwa mahali pamoja palifukiwa na mchanga na mawe yaliyoletwa na maji. Tazameni uaminifu wa wapokezi: hawakukiacha kilichofukiwa, bali walisema kimefukiwa na kipo upande gani.

JE, HUKU SI KUFUNGUA MLANGO WA SHIRKI?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na muulizaji ana haki. Baadhi ya mahali pa kale huku kwetu paliambatana na matambiko na kuomba mizimu. Muislamu hana ruhusa ya kushiriki katika hayo, awe mkazi au mtalii, na mzazi amweleze mwanawe wazi kabla ya kumpeleka.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Imepokewa kutoka kwa Nafi' kwamba Sayyidna Umar aliposikia watu wanaukusudia mti uliodhaniwa kuwa ndio uliofanyiwa chini yake Baia ya Ridhwani, aliamuru ukatwe. Na imo katika Sahihi Bukhari kuwa masahaba wenyewe waliporejea mwaka uliofuata hawakuafikiana juu ya mti huo, na Ibn Umar akaliona jambo hilo kuwa ni rehema. Basi huyu aliyeukata mti ndiye yule yule aliyetoka Madina kwa hima kuja kutafuta mahali pa Maqamu kwa kamba. Alizuia kuabudu kisichoabudiwa, wala hakuzuia kujua. Qur'ani nayo imetuamrisha mara kwa mara tutembee katika ardhi tuone ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Atawezaje kuona mtu asiyejua mahali pa kutazama?

HOFU YA KIBANJA NA TAMAA YA HAZINA

Zipo hofu mbili nyingine ambazo hatupaswi kuzibeza. Ya kwanza ni ya mwenye kibanja. Akiokota kigae hukirudisha haraka na kukifukia, akichelea kuwa wakijulisha wakubwa watamnyang'anya shamba la babu yake. Kibanja kwa Mhaya ni makaburi ya wazazi wake na chakula cha wanawe, hivyo hofu yake ni ya mtu mwenye akili. Kwa hiyo anayekuja kupima, awe mtafiti au kijana wa mtaani, abishe hodi, aombe idhini, aeleze makusudio yake, na amwachie mwenye nyumba nakala ya alichokiandika.

Ya pili ni tamaa. Wapo wanaosikia neno 'mambo ya kale' wakaelewa 'mali ya Mjerumani', wakaja usiku na sururu. Hao huvuruga ushahidi wote, na hawapati ila mavi ya chuma na vigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wake hauruhusiwi bila ya kibali. Ndiyo maana tunashauri kuwa ramani kamili ikabidhiwe kwa waaminifu na kwa ofisi zinazohusika, wala isibandikwe kila ukuta. Elimu nyingine hulindwa kwa kuchagua wa kumpa.

YALIYO MIKONONI MWETU

Ndugu Waislamu, huenda mtu akasema haya ni ya wataalamu na wafalme wa kale, yeye hayamhusu. Basi tumtajie lililotupata sisi. Tuliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa kiwanja cha wakfu. Hati ilikuwapo, imeandikwa kwa mkono mzuri, na ilisema kuwa mpaka wa magharibi ni mwembe mkubwa. Mwembe haukuwapo, na kila upande ulikuwa na mwembe wake wa kukumbuka. Mzee wa mwisho aliyeshuhudia wakfu ule alikuwa amefariki miezi michache kabla yetu kufika. Tuligawa kwa sulhu, lakini hadi leo hatujui kama tulimtendea haki yule mwenye kuweka wakfu. Maiti yule alitoa mali yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nasi tukashindwa kumtunzia hatua thelathini.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kudhulumu shibri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, na katika Sahihi Muslim imepokewa laana ya Mwenyezi Mungu kwa mwenye kubadilisha alama za ardhi. Kuzibadilisha kwa makusudi ni dhambi iliyo wazi. Kuziacha zife huku tunaweza kuzihifadhi ni uzembe ambao dhalimu hupitia humo.

Kwa hiyo tunaomba kila familia ifanye jambo dogo. Wiki hii baada ya Swala ya Ijumaa, kijana mwenye simu amshike mkono babu au bibi yake, watembee. Bibi aoneshe: hapa palikuwa na kaburi la fulani, hapa msikiti wa kwanza wa makuti, hapa tukilima tuliokota mawe meusi, hapa ndipo mpaka wa wakfu. Kijana aandike jina la mahali kama linavyotamkwa kwa Kihaya, namba za simu yake pamoja na msingi wake wa WGS 84, tarehe, jina la aliyeonesha, na umbali kwa hatua hadi vitu vitatu visivyohama, kama vile jabali, kona ya msikiti au njia panda. Vitu vitatu, kama zilivyokuwa kamba za Al-Muttalib. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili msikitini, ya tatu ofisi ya kijiji au mtaa. Na inapofika siku ya kupimwa viwanja, karatasi hiyo iwekwe mezani mbele ya mpimaji kabla vigingi havijapigwa.

Hatujui ni lini maji yatakuja tena, wala yatakuja kwa sura gani. Al-Muttalib naye hakujua. Alichokuwa nacho ni kamba na hofu njema moyoni, akapima siku ambayo hakuna aliyemwomba apime.

Ewe Mola wetu, wape umri na afya wazee wetu waliobaki, wape vijana wetu subira ya kuwasikiliza, utuhifadhie amana za waliotutangulia, na uwarehemu walioondoka kabla hatujawauliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.